Jumanne ya Novemba: Mji Gani wa Uswidi Utakubeba?

Meseji iliingia Jumapili asubuhi nikiwa bado ndani ya blanketi. Mwenye keja anarudi mwezi wa kwanza, anaitaka nyumba yake. Ameandika kwa heshima, ata akaweka ka-emoji ka jua. Hiyo ndio inaitwa andrahand, buda: unakodisha kwa msee mwenye pia yeye amekodisha. Siku yeye akikohoa, wewe ndio unalazwa hosi.

Hii ni mara ya nne kwa miaka sita. Nilianza Fittja. Nikahamia Alby. Nikasukumwa Hallunda. Sai niko Norsborg. Kama unajua laini nyekundu ya T-bana, metro ya Stockholm, tayari umeshika utani: hizo ni stesheni nne zimefuatana, na Norsborg ndio ya mwisho. Kodi imekuwa ikinisongesha venye makanga husongesha abiria: "Songa nyuma, siz, nyuma kuna nafasi." Sasa nyuma imeisha. Treni ikifika hapa dere anashuka na kibegi chake, anatembea platifomu yote hadi kichwa ya pili, anaingia, anarudi tao. Mimi sina kichwa ya pili.

Kuna foleni rasmi ya keja za Stockholm, Bostadsförmedlingen. Unailipia kila mwaka ndio jina lisifutwe, na wasee hungoja kama miaka tisa hivi wapate nyumba ya jina lao. Mtoto akizaliwa siku umeingia foleni, atakuwa anakusaidia kubeba makochi siku ukipewa funguo.

Hiyo jioni nikaweka stori kwa meza. Tulikuwa mbogi ya watu sita kwa keja ya siz fulani wa Kisii hapo Hallunda, chapo zikitoka motoni, na kila msee akaanza kuuza mji wake kama donda wa Ronga saa kumi na mbili jioni. "Uppsala, maze, ni dakika arobaini tu!" "Wachana na Uppsala, Västerås keja zinaangalia ziwa." "Norrköping wako na tramu, buda, tramu!" Mwenye nyumba, mdomo umejaa, akasema yeye hahami hii Botkyrka yetu ata wakileta tingatinga.

Usiku nikapigia mathe Nakuru. Mathe alitoka Umoja akahamia Naks kitambo, kabla iandikwe jiji. Ameona Uhuru akileta hati ya jiji Disemba 2021, ameona Eldoret ikipewa yake na Ruto Agosti 2024, na sasa anaskia wasee wa Naks na wa Eldy wakitupiana maneno nani ni jiji na nani ni soko yenye taa. Akanicheka. "Cheo ya jiji haijawahi nijazia sufuria," akasema. Alafu akauliza swali moja tu: "Na huko unaenda, utakuwa karibu na nani?"

Nikajifanya netiwaki imepotea.

Kipimo

Shida ya kuchagua mji Uswidi ni kwamba kila mji ni mtamu Jumamosi ya Juni. Jua linashinda juu hadi saa nne usiku, kila msee ako nje na aiskrimu, ata parkingi inakaa beach. Ukiamua hapo, umeibiwa.

Mi nikaamua kupima na Jumanne ya Novemba. Jua limelala saa tisa na kitu mchana, mvua si mvua na theluji si theluji, mshahara bado, wikendi iko mbali kama Lodwar. Mji wenye utakubeba siku kama hiyo, huo ndio mji. Napiga kazi ya kuangalia wazee manyumbani, naingia wikendi, kwa hivyo Jumanne yangu iko huru. Nikawa nadandia treni kila Jumanne na maswali manne mfukoni: Nikitoka works, siku imebaki na masaa mangapi? Unga iko umbali gani? Kampuni moja ikifunga, mji unabaki umesimama? Na swali la mathe.

Norsborg, kwanza tujipime wenyewe

Si haki kuhukumu wengine kabla ya kujipima. Hizi gorofa zetu ni za ule mradi wa serikali wa 1965 hadi 1974, nyumba milioni moja kwa miaka kumi, na T-bana ikatufikia Januari 1975. Magazeti yakiandika kuhusu sisi ni risasi na sanse. Hayaandiki kwamba hapa kuna moja ya mitambo miwili mikubwa ya kusafisha maji ya Stockholm, inavuta ziwa Mälaren tangu 1904. Masonko wa tao wakiweka chai asubuhi, wengi wao wanachemsha Norsborg.

Na hii ndio kitu hufanya Mkenya askie yuko hao: mtaa uko na Sheng yake. The Latin Kings, vijana wa Botkyrka, walitoa albamu "Välkommen till förorten" 1994, na Uswidi nzima ikashtuka kuskia Kiswidi chenye kimechanganywa na Kituruki, Kiarabu na Kihispania. Kwetu ni karao, kwao ni aina. Kwetu manzi, kwao guss. Kitu noma ni keff. Walimu walisema hiyo lugha itaharibu watoto, wimbo wenye kila mtoto wa Eastlands anaujua kwa moyo. Alafu 2004 Dogge Doggelito wa hiyo kundi akaandika kamusi ya slangi ya mtaa na mtaalamu wa lugha, Ulla-Britt Kotsinas, na 2006 guss na keff zikaingia orodha ya maneno ya Svenska Akademien, wale wale wenye hupeana Nobel ya fasihi. Sheng bado inangoja yake.

Kwa kipimo: unga ni dakika tano. Mbuzi ya halali, dania fresh, mihogo, yote iko Hallunda. Masaa hapo ndio tunaumia, juu hadi T-Centralen ni kama dakika arobaini ukiwa umesimama, na kadi ya usafiri ya SL ya mwezi imepita kronor 1,000. Swali la mathe tunapita na alama zote. Lakini haisaidii kuwa karibu na watu wote kama wewe mwenyewe kila mara unahamishwa.

Södertälje, jirani mwenye tunamdharau

Unachukua basi hadi Tumba, unaingia treni ya pendeltåg, na kadi ya SL bado inafanya. Ukiona lori ya Scania ikipanda Mombasa Road na konteina mbili, jua makao makuu yake ni hapa. Waashuru na Wasiriaki wamejenga huu mji hadi wakawa na timu mbili za mpira zenye zimefika ligi kuu: Assyriska 2005, Syrianska 2011 hadi 2013. Mji wa watu laki moja na kitu.

Jumanne yangu hapo ilikuwa na joto. Mikahawa imejaa wazee wanacheza karata na kupiga kelele kama wako Burma Market. Mzee mmoja akanikaribisha kiti, akaniuliza mimi ni wa kanisa gani na ukoo gani, na nikaona huu mji uko na familia kubwa sana, tu si yangu. Utakuwa mgeni mwenye anapendwa. Kuna wasee hiyo inawatosha.

Uppsala, mji wa wasomi

Treni ya dakika arobaini kutoka tao, chuo cha 1477, kanisa kuu lenye minara ya karibu mita 119, baiskeli nyingi hadi unaogopa kuvuka barabara. Hapa ndio Dag Hammarskjöld, yule katibu mkuu wa UN, alilelewa, na hapa ndio alizikwa baada ya ndege yake kuanguka Ndola 1961 akienda kutafuta amani ya Kongo. Taasisi ya Afrika ya nchi za Nordiki iko hapa tangu 1962. Na msee wetu, Abdulaziz Lodhi wa Zanzibar, amefundisha Kiswahili hapa miaka mingi, na 2000 akatoa kitabu kizito kuhusu venye Waarabu, Waajemi na Wahindi walitia chumvi kwa lugha yetu. Kuna Waswidi Uppsala wanajua ngeli kuliko wewe. Mimi mmoja nilikutana naye. Aliniuliza kama "keja" ni ngeli ya I-ZI. Nikamwambia hiyo lazima tuitishe mkutano.

Kama wewe ni mwanafunzi, funga bag leo. Jumanne ya Uppsala inawaka kuliko Ijumaa ya miji mingine, juu wanafunzi wako na vyama vyao vinaitwa nation, vyenye baa na jikoni, bei ya kirafiki. Na 30 Aprili wanateremka mto Fyris na rafu za kujitengenezea, jiji zima liko kando ya maji. Lakini kwa mlango wa hizo nation wanaangalia kadi ya mwanafunzi. Beste yangu aliingia. Mi nikabaki nje na baridi, nikasoma menyu kwa dirisha, nikarudi steji. Kodi nayo inajua wanafunzi hawakomi kuja.

Västerås, fiti lakini shika kalenda

Saa moja hivi kwa treni. Watu huuita mji wa matango, na hawakasiriki. Pesa ya hapa ilitoka kwa umeme: ASEA, yenye siku hizi ni ABB. Na 1947 Erling Persson alifungua hapa duka ya nguo za wanawake, akaiita Hennes. Ndio mwanzo wa H&M. Luku yenye ulivaa prom, buda, mizizi yake ni hapa.

Keja ziko poa, ziwa liko hapo tu, kazi za mafundi wa umeme zimejaa. Jumanne, saa kumi na mbili jioni, maduka yamefunga na unaskia viatu vyako mwenyewe. Nilikuwa nimetumia jamaa fulani wa Thika meseji nikamwambia niko mtaani kwake. Akafurahi sana. Akaniuliza kama wiki ya tatu ya Disemba niko sawa kwa kahawa. Huyo msee alikuwa ameshakuwa Mswidi, na sikumlaumu. Mji tulivu hukufundisha kubisha hodi na kalenda.

Gävle, mbuzi choma bila kachumbari

Hii nilienda juu ya udaku tu. Kila mwaka tangu 1966, wasee wa Gävle hujenga mbuzi ya nyasi kavu, urefu wa mita 13, wanaisimamisha kwa uwanja wa katikati kungoja Krismasi. Na mara nyingi kuna mtu anaichoma. Wameweka ua, wameweka kamera, wameweka walinzi. 2016 iliungua siku ile ile ya uzinduzi. 2023 haikuchomwa, lakini ndege wakaidonoa hadi ikabaki mifupa, juu nyasi ilikuwa imebaki na mbegu. Hebu fikiria kumweleza babu yako Kajiado kwamba kuna mji mzima unachoma mbuzi na hakuna mwenye anakula.

Kahawa ya Gevalia imetoka hapa tangu 1853 na watu ni wakarimu. Lakini ni karibu saa moja na nusu kutoka tao, na sikuona unga. Nilipita.

Kaskazini, na mji wa kampuni moja

Kuna wakati kila kikundi cha WhatsApp kilikuwa kinaimba Skellefteå. Northvolt wanajenga betri za magari, wanaandika wasee kutoka dunia nzima, keja mpya zinaota kama uyoga. Machi 2025 Northvolt ikafilisika, na maelfu wakabaki na makoti mazito na barua. Mtu wa Webuye hahitaji kuelezewa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifunga 2009, na mji wenye ulinuka sulfuri ukaanza kunuka msoto.

Kiruna nayo wacha kabisa. Mgodi wa chuma umekula ardhi chini ya mji hadi mji wenyewe unahamishwa. Agosti 2025 kanisa lao la mbao la 1912 liliwekwa juu ya magurudumu, tani 672, likasafirishwa kilomita tano kwa siku mbili. Mi nishapewa notisi mara nne. Siwezi hamia mahali penye ata kanisa limepewa notisi.

Norrköping, mrembo

Nisiwadanganye, hapa moyo uliruka. Kama saa moja na robo kwa treni, alafu unatoka steji unakutana na tramu za njano. Mto unapita katikati ya viwanda vya zamani vya nguo, maji yanaanguka kati ya kuta za matofali, na usiku taa zinafanya yote yakae muvi. Kiwanda cha mwisho kikubwa cha vitambaa kilifunga karibu 1970, na badala ya kulia miaka hamsini wakageuza majengo kuwa kampasi na makumbusho. Jumba moja limekaa kama pasi kisiwani, na linaitwa tu hivyo, Strykjärnet, Pasi. Ndani kuna makumbusho ya kazi. Swali la tatu, Norrköping ilishajibu.

Makao makuu ya Migrationsverket pia ni hapa. Karatasi yako ya kukaa, ile umeingoja hadi ukaota mvi, inaongozwa kutoka hapa. Nilipita nje ya hiyo ofisi nikiwa nimenyoosha kola, kama mtoto anapita nje ya ofisi ya hedi.

Nikakula hapo kando ya maji, peke yangu, supu ya ganji mob. Ilikuwa tamu. Nilikuwa na kila kitu cha kuposti na hakuna mtu wa kuambia "onja hii." Norrköping ni manzi mrembo wa picha. Nitarudi Juni na mbogi.

Eskilstuna, yenye hakuna mtu aliuza

Kwa ile meza ya chapo hakuna mtu alitaja Eskilstuna. Ni mji wa chuma na visu, saa moja na kidogo kutoka tao, hauna kanisa la mita 119 wala tramu. Niliendea koti tu. Kuna jumba linaitwa ReTuna, lilifunguliwa 2015, na kila kitu ndani kimetumika ama kimetengenezwa upya. Wanasema ni la kwanza duniani la aina hiyo. Msee wa Nai akiingia pale anatabasamu: ni Gikomba yenye imepewa paa, hita na risiti. Unaacha vitu zako za zamani kwa mlango wa nyuma, zinapangwa, zinauzwa mbele. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anakuita "customer wangu" na bei haishuki ata ukitoa machozi.

Nilikuwa nimeshika koti la kijivu, mkono mmoja ndani, nikibonga na mathe kwa simu, namweleza bei, yeye ananiambia niangalie mshono wa kwapa. Nageuza kwapa. Nyuma yangu sauti ikasema: "Mutoto, unatokaka wapi?"

Mama wa makamo, kitenge chini ya jaketi la theluji. Ni wa Bukavu, amepitia kambi Uganda, alafu ndege ikamleta moja kwa moja mkoa huu. Hapo ndio nilichanuka. Wakimbizi wenye huletwa na UNHCR hawachagui tao, serikali inawagawa kwa manispaa, na nyingi ni za miji midogo. Mi nimekuwa nikitafuta Kiswahili kwa treni za Stockholm miaka sita, kumbe Kiswahili kingine kilishushwa kwa miji yenye sisi hatushuki. "Unatokaka" yake na "natokanga" yangu ni mapacha waliolelewa na shosho tofauti.

"Ni nani huyo?" mathe akauliza kwa simu. Nikampea mama simu. Wakaongea dakika kumi na tano hapo kati ya mashati, watu wawili hawajawahi onana, mmoja Kiswahili cha Kivu, mwingine cha Naks, wakicheka mimi. Nikalipa koti.

Jumanne, kumbe, kwaya ya kanisa lao hufanya mazoezi. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimekaa kwa benchi ya nyuma, giza limefunga dirisha, watoto wanakimbizana chini ya viti wakitukanana kwa Kiswidi na wakilia kwa Kiswahili. Baadaye kukatokea sombe na ugali kwa sufuria yenye ingeosha mtoto. Duka ya unga iko mtaa wa tatu, nikaonyeshwa. Treni za mkoa wa Mälaren zinapita kila saa, na kazi za kuangalia wazee ziko juu wazee wako kila mahali. Foleni ya keja hapa, mama akasema, mtoto wake aliingoja miezi, si miaka. Jina lako kwa mlango, hakuna msee wa kukohoa.

Koti lenyewe lilikuwa limeshonwa kwapa. Mathe alikuwa sahihi.

Hukumu

Mwanafunzi: Uppsala. Fundi wa umeme mwenye anapenda kimya: Västerås. Mwenye ako na familia na anataka kubaki na kadi ya SL: Södertälje. Mwenye anataka kuishi ndani ya picha: Norrköping. Gävle mwende na kachumbari. Norsborg ni ya mwenye ako na kandarasi ya mkono wa kwanza, na kama uko nayo, usiwahi iachilia, ata mapenzi yakikuita.

Mimi nimejiandikisha Eskilstuna. Jana nikaambia mbogi, wakanyamaza kama nimesema nahamia mwezini. Yule siz wa Kisii akafunga chapo nne kwa foili, akaniambia ni za safari, na safari yenyewe ni Januari.

Usiku nikapigia mathe. Kabla aulize nikamjibu: nitakuwa karibu na yule mama wa Bukavu na kwaya nzima ya watu wenye hawajui kuongea pole pole, kila Jumanne.

Kukawa kimya kidogo kule Naks. Netiwaki ilikuwa sawa.

"Basi nunua sufuria kubwa," akasema.